Mfuko Wenye Masikio: Safari ya Sera Kutoka Dodoma Hadi Sokoni



Naomba nianzie sokoni. Yapata mwaka mmoja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku, nilinunua nyanya za shilingi elfu moja katika soko moja la Dar es Salaam. Mama aliyeniuzia alizitia kwenye kijimfuko chembamba kinachoonyesha hadi ndani, akakipiga fundo, akanikabidhi. Nikamtania: “Mama, hii si ndiyo iliyokatazwa?” Hakuinua hata uso. “Iliyokatazwa ina masikio, baba. Hii haina.”

Nilicheka, nikalipa, nikaondoka. Lakini jibu lile limenikaa kichwani miaka yote hii. Nilikuwa nimefafanuliwa kanuni ya Serikali na mtu ambaye huenda hajawahi kuiona nakala yake, na ufafanuzi wake haukuwa mbali na yaliyoandikwa. Jioni hii nataka kulitetea jambo moja tu: sera hudumu pale ambapo mtu wa mwisho katika mlolongo wa utekelezaji anaweza kulitambua kosa kwa macho yake, na mwananchi anaweza kutii bila kupata hasara. Kimojawapo kikikosekana, kinachobaki ni karatasi.

Kutoka tamko hadi kanuni

Tumezoea kusema “Serikali imepiga marufuku” kana kwamba ni tendo moja. Ni matendo manne, na kila moja lina uzito wake. Kuna sera, yaani mwelekeo. Tanzania ilikuwa na Sera ya Taifa ya Mazingira tangu 1997. Kuna sheria, inayopitishwa na Bunge. Hiyo ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kuna kanuni, anazotunga waziri kwa madaraka aliyokabidhiwa na sheria, jambo ambalo Katiba inaliruhusu katika ibara ya 97(5). Halafu kuna tamko, lile tunalolisikia kwenye taarifa ya habari.

Tamko ndilo lenye kelele nyingi na nguvu kidogo. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ungekuwa tarehe 31 Mei. Lakini hakimu hamfungi mtu kwa tamko. Kilichoipa marufuku meno ni Tangazo la Serikali Namba 394, lililobeba kanuni zilizotungwa chini ya ile sheria ya 2004. Wabunge hawakukaa kupigia kura mfuko wa rambo. Kura walishaipiga miaka kumi na mitano nyuma, walipomwachia waziri mlango wazi. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu kwamba anayetaka kujua nchi inavyotawaliwa asiishie kwenye sheria kuu. Afungue kanuni, maana huko ndiko yaliko maisha ya kila siku. Bunge lenyewe linalijua hilo, ndiyo sababu lina Kamati ya Sheria Ndogo ya kuzipitia.

Tusisahau pia kwamba mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, na ilianza kuikataza mifuko hii mwaka 2006, miaka kumi na mitatu kabla ya Bara. Rwanda ilitunga sheria yake 2008, Kenya ikafuata 2017. Kwa hiyo Dodoma haikubuni kitu kigeni; ilikuwa na majirani wa kuwatazama.

Ngazi ya adhabu

Someni adhabu za kanuni zile mtaona jinsi mtungaji alivyofikiri. Anayetengeneza au kuingiza mifuko nchini: faini isiyopungua shilingi milioni 20, isiyozidi bilioni 1, au kifungo kisichozidi miaka miwili. Anayehifadhi na kusambaza: milioni 5 hadi 50. Anayeuza: laki moja hadi laki tano. Aliyekutwa nao mkononi: elfu 30 hadi laki mbili, au siku zisizozidi saba.

Hiyo ni ngazi, na kila kipandio kimepimwa kwa mfuko wa mkosaji wake. Linganisheni na tangazo la Kenya la 2017, lililoanza kutumika tarehe 28 Agosti mwaka huo: kuanzia shilingi milioni 2 hadi 4 za Kenya, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Mwenye kiwanda na mama mboga waliwekwa chini ya paa moja. Ukali huo ulitisha, na vitisho vina kazi yake. Lakini faini ambayo mtu hawezi kuilipa hata akiuza genge lake zima humpa askari nguvu kuliko hakimu. Mbele ya milioni mbili, elfu mbili ya kumtuliza askari inaonekana huruma.

Macho ya mgambo

Sasa tushuke hadi chini kabisa. Anayeitekeleza sera si waziri. Ni afisa mtendaji wa kata, bwana afya wa halmashauri, mgambo aliyesimama langoni mwa soko saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 1980 mwanazuoni wa Marekani, Michael Lipsky, aliandika kitabu kizima kuhusu watumishi wa namna hii, akadai kwamba maamuzi yao madogo ya kila siku ndiyo yanayogeuka kuwa sera yenyewe. Mimi naongeza swali lililo rahisi zaidi: mgambo huyu anaona nini?

Uganda mwaka 2009 ilikataza mifuko ya plastiki, kwao kaveera, iliyo nyembamba kuliko mikroni 30. Mikroni 30 ni sehemu tatu za mia za milimita. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko hapo. Mgambo gani atausimamisha mfuko sokoni akaupima? Mwenye duka akidai wake una 31, mjadala umekwisha. Kaveera zikaendelea kupeperuka. Tanzania nayo, kabla ya 2019, iliwahi kuijaribu njia ya unene, nayo haikufika mbali.

Marufuku ya 2019 ilikuja na kitu kinachoonekana. Mfuko wa kubebea wa plastiki una umbo: tumbo na masikio mawili. Mtoto wa darasa la kwanza anautambua. Viwanda vya kuutengeneza havikuwa vingi, na mali ya magendo ilipaswa kupita mpakani. Ndani ya wiki chache rambo zilipotea madukani. Tulishaona jambo kama hilo Machi 2017, zilipokatazwa pombe za viroba: pakiti inayojulikana kwa sura, wazalishaji wanaohesabika. Penye mikono michache na umbo lisilobishaniwa, Serikali ina mkono mrefu kweli.

Ufa

Lakini alama inayoonekana na mgambo huonekana pia na mkwepaji. Kanuni hazikukataza plastiki zote, wala zisingeweza. Ziliacha nje vifungashio vya dawa, vya bidhaa za viwandani, vya kilimo, vya ujenzi. Mkate unahitaji kifungashio. Basi roli lile lile la plastiki nyembamba likawa halali likifunga mkate kiwandani, na haramu likibeba nyanya sokoni. Kosa halikuwa tena kwenye kitu. Lilihamia kwenye matumizi. Kiwandani huwezi kulikamata, kwa sababu pale bado si kosa. Linageuka kuwa kosa mkononi mwa mama muuza nyanya, mbele ya mgambo, mahali ambapo Serikali ni dhaifu kuliko popote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ndio unaojengwa: matangazo, misako, ndoo za vifungashio vilivyokamatwa, na kesho yake soko liko vile vile. Mifuko mbadala nayo ilipewa kipimo cha gramu 70 kwa mita ya mraba. Kipimo kizuri maabara, lakini tumerudi kwenye mikroni za Uganda: jicho halipimi gramu.

Tena kuna hesabu. Mfuko mbadala huuzwa kwa mamia ya shilingi. Ukiuongeza kwenye nyanya za elfu moja, umepandisha bei ya mboga ya mtu anayenunua chakula cha siku moja. Mwenye gari anaponunua mfuko huo haoni tofauti. Aliyetoka kibaruani anaiona. Gharama ya kutii tuliipeleka kwa yule asiyekuwepo kwenye kikao.

Tufanye nini?

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, kila rasimu ya kanuni isomwe na mgambo mmoja na mfanyabiashara mmoja kabla haijachapishwa, nao waulizwe: utalijuaje kosa hili ukiliona? Pili, plastiki halali ipewe alama tangu kiwandani, rangi au chapa, ili roli la mkate likitokea kwenye genge la nyanya lijitangaze lenyewe. Tatu, kabla ya siku ya marufuku, tujue maskini atabebea nini na kwa bei gani. Kapu la ukindu tunalo, lakini siku ile ya marufuku wengi wetu tuliotoka kazini hatukuwa nalo.

Wanafunzi wa sheria na utawala walioko hapa, baadhi yenu mtaandika kanuni za nchi hii. Mtaziandika ofisini, kwenye kiyoyozi, mezani kukiwa na kamusi ya sheria. Nawaomba kabla ya kutia nukta ya mwisho mpite sokoni mnunue nyanya. Yule mama atakuwa keshaiona tofauti kati ya mlichokusudia na mlichoandika, na hatawatoza chochote zaidi ya bei ya nyanya.