Ulizimia?

Wenzangu, kila mdahalo kuna mgombea atasema, "Sheria ipo, waathiriwa wajitokeze." Ni kweli, sheria ya dhuluma za nyumbani tunayo tangu 2015. Lakini hebu mfuateni huyo mwathiriwa mpaka kituoni.

Amekabwa shingo hadi akazimia. Ubongo ulikosa hewa, na pengine shingoni hakuna hata alama. Daktari anayejaza fomu ya P3 asipouliza kuhusu kuzimia, ataandika "maumivu ya shingo", basi. Hapo shtaka linashuka. Kumdhuru mtu mwili, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, mwisho ni miaka 5. Kumdhuru vibaya, kifungu cha 234, inaweza kufika maisha.

Halafu kortini. Jeraha la ubongo huvuruga kumbukumbu: kituoni alisema Jumanne, sasa anasema Alhamisi. Wakili wa mshtakiwa anaruka, huyu mama ni mwongo! Yaani kile alichofanyiwa ndicho kinamfanya asiaminike.

Si basi daktari aandike kila kitu? Hapa ndipo mimi hukwama. Ripoti hiyo hiyo mume anaweza kuipeleka kwa kesi ya watoto, aseme mama hawezi kuwalea. Wenzangu darasani wanasema daktari asifiche kitu. Mimi naona mama aelezwe hiyo hatari kwanza, kisha aamue mwenyewe.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu, msimuulize kama sheria ipo. Muulizeni ni nani pale kituoni atamuuliza huyo mama, "Ulizimia?"