London Wakati wa Baridi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Mmetuamuru tuseme machache juu ya safari yetu ya London, nasi twatii. Waajiri wetu walitupeleka huko mwezi wa Januari, sisi makarani wawili, tukajifunze utunzaji wa hesabu kwa muda wa majuma matatu. Hatukuwa tumepata kuvuka bahari kabla ya hapo. Nanyi mlitupa kazi ya pili: tumtafute kijana wetu aliyekwenda kusoma mwezi wa Septemba, ambaye tangu Krismasi simu yake ilikuwa kimya. Twatoa taarifa ya kazi zote mbili pamoja, maana baridi ya London tuliielewa kwa sababu ya kijana huyo.

Kabla ya kuondoka tulikwenda soko la Gikomba kununua makoti. Muuzaji alitutolea mawili mazito, nasi tukaona ndani yake vibandiko vya maduka ya Uingereza. Kumbe makoti yale yalikuwa yakirudi kwao, na sisi ndio wachukuzi! Tulicheka sana. Lakini tulipotoka nje ya kiwanja cha ndege cha Heathrow alfajiri, kicheko kilikoma. Pumzi zilitutoka vinywani mithili ya moshi wa kuni mbichi, na masikio yakauma kana kwamba yamebanwa na koleo.

Hata hivyo, lililotushangaza zaidi ya baridi ni giza. London iko digrii 51 na nusu kaskazini ya Ikweta, na mwezi wa Januari upande ule wa dunia umelipa jua kisogo. Huku kwetu mchana na usiku hugawana karibu sawa mwaka mzima. Kule jua huchomoza mnamo saa mbili za asubuhi, na saa kumi na ziada kidogo limekwisha kutua. Tuliingia darasani taa za barabarani zikiwaka, na tulipotoka zilikuwa zikiwaka. Zilipita siku nne tusione vivuli vyetu.

Kila asubuhi tulipanda gari moshi lipitalo chini ya ardhi. Reli hiyo ilifunguliwa mwezi wa Januari 1863, nayo ndiyo ya kwanza ya namna yake duniani. Ndani mna joto, na watu wamesongamana kama siku ya gulio, lakini hasemi mtu. Siku ya kwanza tuliwaamkia wote kama ilivyo desturi yetu. Mzee mmoja aliitikia kwa kichwa. Wengine waliangalia viatu vyao. Tusiwadhanie ubaya. Jiji lina watu karibu milioni tisa, na ni nani awezaye kuamkia watu milioni tisa? Lakini sisi tulijiuliza: mtu akiugua katika jiji hili, atajulikanaje?

Jumamosi ya kwanza tulipata jibu. Tulimkuta kijana wetu katika chumba cha juu kabisa cha nyumba ya kupanga, amevaa koti na kujifunika blanketi mchana, naye akikohoa kwa kifua kizito. Mwenyewe ametupa ruhusa tusimulie, ila jina lake tusilitaje. Chuma cha kupashia chumba joto kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Umeme wa nyumba ile hulipiwa kabla ya kutumiwa, kama tokeni zetu hapa, naye alikuwa ameacha kuununua ili apate nauli ya kwenda chuoni. Alikuwa akila mkate na chai. Tukamwuliza, “Mbona hukupiga simu nyumbani?” Akainama, akasema, “Kaka zangu, mlifanya harambee mkaniuzia hata mbuzi. Ningepiga simu niseme nini? Kwamba fedha zenu zimeliwa na baridi?”

Mabwana, tuliketi kitandani pake tukakosa la kumjibu.

Tulitoka tukanunua umeme na chakula. Jumatatu mmoja wetu aliomba ruhusa darasani, akampeleka kwa daktari. Huko tulijifunza jambo ambalo twataka kila mzazi alishike. Mwanafunzi aendaye Uingereza kusoma kwa mwaka au zaidi hutozwa ada ya matibabu pale aombapo viza. Kijana wetu alikuwa amekwisha kuilipa, lakini hakujua kwamba yampasa pia kujiandikisha kwa daktari wa mtaa anaokaa. Hivyo aliugua majuma matatu huku haki yake amekwisha kuilipia. Dawa alipewa, na siku ya kumi alikuwa akitembea.

Jumapili ya mwisho tulitembea naye. Tuliiona nyumba namba 95 ya Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, yenye kibao cha buluu kuonyesha kwamba Jomo Kenyatta aliishi hapo kuanzia 1933 hata 1937. Kisha tukasimama mbele ya Lancaster House, ambamo mwezi wa Januari 1960 wajumbe wetu, akina Ronald Ngala na Tom Mboya, walianza mazungumzo ya katiba. Yakafuata ya 1962 na ya 1963, hata tukapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kijana akalitazama jumba lile kwa muda mrefu, akasema, “Hawa angalau walikuja wengi.” Neno hilo lilituingia.

Tena, jiji lile lenyewe lilijifunza kwa msiba. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 hewa ilitulia kabisa, na moshi wa makaa ya mawe yaliyowashwa kwa ajili ya baridi, pamoja na wa viwanda, ulichanganyika na ukungu, watu wasione hata miguu yao. Hesabu ya wakati ule ilitaja vifo 4,000. Wataalamu wa baadaye wamekisia hata 12,000. Ndipo mwaka 1956 ikatungwa sheria ya hewa safi. Sisi tusingoje msiba ndipo tutunge yetu.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo matatu. Kwanza, sehemu ya kila harambee ya msafiri iwekwe akiba, imfae miezi ya baridi. Pili, asiondoke mtu bila jina la mwenyeji atakayempokea na kumpeleka kujiandikisha kwa daktari. Tatu, Katibu ampigie simu kila kijana wetu aliye ng’ambo Jumapili ya kwanza ya mwezi, asingoje kupigiwa. Maana mwenye haya hapigi.

La pili tumekwisha kulianza. Mama mmoja wa kwetu, mwuguzi aliyekaa London miaka mingi, amekubali kuwa mwenyeji. Yale makoti mawili ya Gikomba tumeyaacha nyumbani kwake, yametundikwa nyuma ya mlango, yakimngoja atakayekwenda. Sisi tulirudi na sweta, na tuliposhuka Nairobi jua lilitosha.