Majadiliano ya Vikundi Vidogo katika Somo la Sayansi

Majadiliano ya vikundi vidogo ni mbinu ya ufundishaji ambayo wanafunzi wachache hupewa swali moja, wakalijadili kwa hoja na ushahidi kabla mwalimu hajatoa jibu, na faida yake kubwa ni kufichua dhana potofu, yaani mawazo yasiyo sahihi ambayo mwanafunzi huja nayo darasani na ambayo maelezo ya ubaoni peke yake mara nyingi huyaacha yalivyo. Mwaka 1991, Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alianza kuwauliza wanafunzi swali katikati ya somo, kila mmoja akajibu peke yake kwanza, kisha akajadiliana na jirani yake na kujibu upya.

Swali huweza kuwa jepesi kwa sura tu: bilauri imejaa maji pomoni na kipande cha barafu kinaelea juu yake, je, barafu ikiyeyuka, maji yatamwagika? Wapo watakaoshikilia kuwa yatamwagika, mpaka mwenzao awakumbushe kwamba kitu kinachoelea huhamisha maji yenye uzito sawa na wake, hivyo maji ya barafu hutosha kujaza nafasi ileile, wala hayazidi.

Mbinu hii haihitaji maabara, kwani hata katika darasa lenye msongamano wanafunzi wa dawati la mbele wanaweza kuwageukia wa nyuma. Walimu wanahimizwa wasiharakishe kutoa jibu, bali wapite kila kikundi wakisikiliza.