Mahabusu si Mfungwa
Mada kwa waandishi wa habari za mahakamani

Ndugu washiriki, nimeombwa nizungumzie neno kifungo. Naomba nipitie kwanza kwa jirani yake, mahabusu, maana hilo ndilo tunaloliumiza zaidi katika habari zetu.

Mahabusu limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuzuia, na huko humtaja mtu: aliyezuiliwa. Sisi tulipolipokea tukalipa kazi ya pili, likawa pia jina la mahali. Tunaandika "mahabusu wawili wamefikishwa kortini", kisha aya inayofuata "amelala mahabusu ya polisi". Matumizi yote mawili yamekubalika na sina ugomvi nayo.

Kifungo ni chetu wenyewe. Kimezaliwa na kitenzi funga, kilichotupa pia kifungo cha shati. Lakini mahakamani neno hili lina masharti: lazima kuwe na hatia na kuwe na muda. Kifungo cha miaka saba. Kifungo cha maisha. Hata kifungo cha nje, ambacho mtu hukitumikia akiwa uraiani, hutoka kinywani mwa hakimu baada ya kumtia mtu hatiani. Pasipo hukumu hapana kifungo.

Mahabusu hana hukumu, na hana muda. Mfungwa huhesabu siku zake. Mahabusu husubiri tarehe, na ikifika huambiwa upelelezi haujakamilika. Yeye huvaa nguo alizotoka nazo nyumbani, mwenzake huvaa sare. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Ya Kenya ya 2010 inalinda haki hiyohiyo katika ibara ya 50.

Watu wa mtaani wanaijua tofauti hii vizuri. Aliyehukumiwa husemwa kapigwa mvua saba, kila mvua mwaka. Ambaye kesi yake haijaisha husemwa anasota rumande. Sijapata kusikia mtu akisema mahabusu kapigwa mvua, kwa sababu mvua huhesabika. Mtaa umeshika sheria kwa usahihi kuliko vichwa vyetu vya habari, na hilo linapaswa kutuuma.

Kosa letu huanzia kwenye kitenzi "amefungwa". Ni kifupi, kinaenea kwenye kichwa cha habari, basi tunamvika kila aliye nyuma ya nondo. Chukueni mfano wa mshtakiwa wa mauaji, kosa lisilo na dhamana Tanzania. Amekaa rumande miaka mitano, kisha upande wa mashtaka ukaiondoa kesi. Tukiandika "Aachiwa baada ya kifungo cha miaka mitano", tumemhukumu sisi, kwa kosa ambalo mahakama haikumtia hatiani. Akirudi kijijini ataitwa mfungwa wa zamani. Atakapoomba kazi au kuposa, kichwa kile cha habari kitakuwa kimetangulia.

Historia nayo inatudai usahihi huu. Mshairi Abdilatif Abdalla alishtakiwa kwa uchochezi kutokana na waraka wake Kenya: Twendapi?, akatiwa hatiani na kutumikia kifungo kuanzia 1969 hadi 1972. Humo gerezani ndimo alimotunga mashairi ya Sauti ya Dhiki. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa mwisho wa 1977 akawekwa gereza la Kamiti takriban mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Wa kwanza alifungwa. Wa pili aliwekwa kizuizini. Tukisema wote wawili walifungwa, tunaisaidia serikali iliyomshikilia Ngũgĩ, kwa kuwa tunampa msomaji picha ya kesi na hukumu ambazo hazikuwapo. Kizuizini ni neno linaloshtaki. Tusilifiche ndani ya jingine.

Najua hofu ya wahariri: nafasi ni finyu. Lakini "ashikiliwa" lina herufi kumi tu, "yuko rumande" linaeleweka kuanzia Mombasa hadi Mbeya, na "aliyekaa mahabusu miaka mitano" ni maneno manne yanayosema kweli yote.

Ombi langu kwenu ni moja. Kesho mkiwa mezani na habari ya mahakamani, kabla ya kuandika kifungo, muulizeni mwandishi aliyeileta: hakimu gani alikitoa, na tarehe ngapi? Akikosa jibu, lifuteni neno hilo.