Daftari la Mwezi na Ndagala

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika kikao cha kumbukumbu, Buyenzi, Bujumbura)



Katibu wetu aliponitaka nizungumze leo, nilimjibu ya kwamba mimi si mwanachuoni wala si mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, na masomo yangu hayakupita darasa la sita. Naye akaniambia, "Basi, mzee, tuzungumzie lile daftari lako." Nawaona wengine mmekwisha kuanza kucheka, maana daftari hilo mwalijua. Limekuwa kichekesho cha baraza yetu tangu mwaka 2019, na wako walionipa jina la Karani wa Ndagala. Jina hilo nimelipokea. Leo nitawaeleza lilivyoanza, kisha mtu acheke akipenda.

Cherehani yangu iko kibarazani, imeelekea barabara, na kila alasiri hupita mama mmoja muuza ndagala. Siku nyingine sahani ya ndagala huwa imejaa hata inamwagika, na bei yake ni ya huruma. Siku nyingine sahani ni ile ile, ila ndagala wamelala chini kwa uchache, na bei imepanda. Kuna na siku ambazo mama huyo hapiti kabisa. Kwa muda wa miaka arobaini nilinunua, nikala, nikanung'unika, na haikunijia hata siku moja kuuliza sababu.

Jioni moja mjukuu wangu, naye wakati huo alikuwa na miaka minane, akaniuliza, "Babu, kwa nini leo hakuna ndagala?" Nikamjibu kwa lile jibu ambalo sisi wazee tumeliweka tayari mfukoni: "Ndivyo Mungu alivyojaalia. Nenda ukacheze." Mtoto hakununa wala hakulia. Alikwenda kucheza kama alivyoamriwa.

Usiku nilipolala neno lile likanirudia. Kujaalia ni kwa Mungu, hilo halina shaka. Lakini mimi sikulitaja jina Lake kwa ajili ya kumtukuza. Nilijificha nyuma yake, kwa kuwa sikujua. Nilikuwa na umri wa miaka 63, nimezaliwa mahali ambapo mtu hufika ziwani kwa mwendo wa saa moja kwa miguu, na sikujua kwa nini samaki wa ziwa hilo leo wapo na kesho hawapo. Lililoniuma zaidi nililigundua baadaye. Mtoto yule alikaa karibu mwezi mzima bila ya kuniuliza jambo lolote. Salamu alinipa, na maji aliniletea. Swali hakuniletea tena.

Siku ya pili yake nilimngojea mama muuza ndagala, nikamwuliza. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akasema, "Mzee, kwani huoni mwezi ulivyo mkubwa?"

Usiku ule nikatoka uani nikatazama. Ulikuwa mwezi wa kumi na nne, umejaa kama sinia. Juu ya cherehani yangu ilitundikwa kalenda ya Hijria, na kila asubuhi niliipita kwenda kukaa kitini. Hapa nataka niungame jambo mbele yenu, na nadhani sitakuwa peke yangu. Sisi tuliokusanyika hapa ni watu wa mwezi. Kila mwaka twapanda juu ya mapaa kuutafuta mwezi wa Ramadhani, na siku ya ishirini na tisa twautafuta tena kwa ajili ya Idi, na pengine twagombana. Kisha miezi mingine inapita, mwezi unazaliwa, unakua, unapungua, unakufa, wala hakuna anayeinua shingo. Mvuvi ambaye hakusoma hata juzuu moja ndiye aliyeujua kuliko mimi.

Basi nikanunua daftari la shule la kurasa 100, nikaligawanya kwa rula katika safu nne: tarehe ya Hijria, saa niliyouona mwezi, bei ya sahani ya ndagala, na hali ya anga. Hiyo ndiyo kazi yote. Kwa siku inachukua dakika mbili, na nyuzi za cherehani hazikatiki kwa sababu yake.

Baada ya miezi mitatu, mambo yalianza kujipanga yenyewe kwenye karatasi. Mwezi wa angani hukamilisha mzunguko wake, tangu mwandamo hadi mwandamo, kwa siku 29 na nusu na dakika kadhaa juu yake. Ndiyo maana miezi yetu mingine ni ya siku 29 na mingine ni ya 30, na mwaka wetu hupungukiwa na siku kumi na moja hivi mbele ya ule wa Kizungu. Hayo nilikuwa nikiyasema tangu utotoni kama kasuku. Lakini sikuwa nimepata kuona kwa macho yangu ya kwamba kila usiku mwezi huchelewa kutoka kwa kiasi cha dakika hamsini. Siku ya kumi na tano hutoka wakati jua linapotua. Ifikapo siku ya ishirini, mtu aweza kusali Isha, akala, akazungumza na jamaa zake, na mwezi bado haujachomoza. Katika siku tano za mwanzo ni kinyume chake: mwezi huonekana mapema, na kabla ya usiku wa manane umekwisha kutua.

Nilipomweleza shemeji yangu aliye mvuvi huko Rumonge, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Shemeji, umetumia miezi mitatu kujifunza kitu ambacho mimi nakijua tumboni. Njoo uone." Nikafunga cherehani siku mbili, nikamchukua mjukuu wangu, tukaenda.

Chombo cha kuvulia ndagala huko kwetu huitwa apolo. Ni mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, na wavu mkubwa huteremshwa chini yake. Jina hilo ni sawa na la vile vyombo vilivyowafikisha Wamarekani mwezini mwaka 1969, ilhali hiki chetu kazi yake ni kuukimbia mwezi. Wavuvi huwasha taa gizani. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni za betri. Ndagala, na vile vidudu vidogo mno vya majini wanavyovila, mchana hukaa chini na usiku hupanda juu. Wakiona taa huikusanyikia, na wavu ukainuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa lote ni taa, na taa ya mvuvi inakuwa kama kibiriti kilichowashwa juani. Samaki hutawanyika. Wavuvi huvuta vyombo pwani, wakashona nyavu, wakalala majumbani mwao, na sahani ya mama kule Buyenzi ikapungua.

Jambo hili dogo ndilo mjukuu wangu aliloniuliza, na jibu lake lilihitaji mwezi, ziwa, taa, na safari ya basi.

Tulikwenda katika siku za mwisho wa mwezi, na usiku ule tukakaa mchangani. Mbele yetu taa zilitapakaa majini kana kwamba kuna mji mwingine ng'ambo. Mtoto akaniuliza ziwa lina kina gani. Safari hii sikumpeleka kucheza. Nilimwambia tutatafuta, na tulipokwisha kurudi tukatafuta. Penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni Baikal tu, kule Urusi, lililo na kina kikubwa zaidi. Urefu wake ni karibu kilomita 670. Lililotushangaza sote wawili ni hili: samaki wote hao, ndagala na mukeke na mamia ya aina nyingine, wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa humu, wanaishi katika tabaka la juu tu. Chini ya mita mia moja na kitu upande wetu wa kaskazini, na chini zaidi upande wa kusini, maji hayana hewa ya kumfaa samaki. Sehemu kubwa ya ziwa letu ni maji matupu na giza. Nimeishi kando yake maisha yangu yote nikidhani limejaa samaki mpaka chini.

Sasa nieleze na aibu ya daftari, maana nisipoisema mimi wataisema wenzangu wa barazani. Nilipokwisha kuuona mpango wa mwezi nilijivuna mno. Nikaanza kutabiri. Nikamwambia jirani yangu, "Usinunue leo, ngoja Ijumaa, bei itashuka." Mara nne ikashuka, na nikawa kama nabii wa mtaa, astaghfirullah. Ukaingia mwaka 2024, nikamwambia jirani yule yule angoje; giza likafika, mwezi haupo, na bei ikapanda maradufu. Alikuja na sahani yake tupu akaiweka juu ya cherehani yangu bila ya kusema neno. Kumbe mafuta ya injini na ya magari yalikuwa yameadimika nchini, vyombo vilikaa pwani, na vilivyotoka havikupata gari la kuleta samaki mjini. Mwezi haukuwa na hatia. Ikanibidi niongeze safu ya tano, na baadaye ya sita kwa ajili ya upepo, kwa sababu pepo za kiangazi zinapovuma kutoka kusini kuna usiku wa giza zuri ambao hakuna anayethubutu kutoka.

Mmoja wa wazee, naye ni mtu ninayempenda, aliniuliza, "Haya yote yatakufaa nini kaburini?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwuliza mwalimu wetu wa madrasa, naye akanisimulia habari za Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa huko Khwarazm mwaka 973. Mtu huyo alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 40 alipoanza kujifunza lugha ya Kisanskriti ili aandike habari za watu wa Bara Hindi kwa kuwafahamu, wala si kwa kuwasingizia. Imesimuliwa ya kwamba alipokuwa mahututi, rafiki yake mmoja aliye fakihi alikwenda kumzuru, naye akamtaka amfafanulie mas-ala moja ya mirathi waliyopata kuizungumza zamani. Rafiki akastaajabu: katika hali hii? Mgonjwa akamjibu ya kwamba ni heri aiage dunia hali anaijua mas-ala hiyo kuliko kuiaga hali haijui. Basi akaelezwa. Na rafiki yule alipotoka, hajafika mbali, akasikia vilio kutoka nyumbani mle.

Mimi si Biruni, na ndagala si mirathi. Lakini mzee mwenzangu nimempelekea kisa hicho, na tangu hapo amekuwa akiniuliza bei.

Nionavyo mimi, ugumu haumo katika kujifunza. Mtu akishaitwa mzee, watu humtarajia awe na majibu, naye huogopa kuonekana hana. Ndipo huanza kujibu asichokijua, au huwafukuza wanaouliza. Kijana fundi wa magari hapa Buyenzi akifungua saa mbovu jioni ili aone tu ndani mnakwenda vipi, husifiwa kwa akili. Baba yake akifanya vivyo hivyo huambiwa amerudi utotoni. Mimi nimeambiwa hivyo mara nyingi, na kusema kweli mara ya kwanza iliniuma. Nililificha daftari ndani ya saraja la cherehani muda wa wiki mbili, nikiandika wakati hakuna mtu.

Mjukuu wangu sasa yumo katika shule ya sekondari. Ana rafiki zake, ana mpira wake, na jioni haonekani kibarazani kama zamani. Nilidhani habari za daftari zimekwisha kumtoka. Mwezi uliopita nilishikwa na homa, nikalala siku sita sikutoka. Nilipopata nafuu nililifungua nipige mstari siku zilizokosekana. Nikakuta mistari sita imejazwa, kwa mwandiko usio wangu: tarehe, mwezi, bei, anga, mafuta, upepo. Siku ya tatu, mahali pa bei, paliandikwa: "Mama hakupita. Giza lipo, upepo haupo, mafuta yapo. Kwa nini? Babu amwulize."

Mama nimekwenda kumwuliza, naye hakumbuki. Nimempigia simu shemeji yangu Rumonge, naye amesema atawauliza wenziwe wa pwani. Namngoja.