Kuzeeka na Kufa: Tunaogopa Nini Hasa?

Mada kwa semina ya wastaafu watarajiwa

 

Tangu jana mmefundishwa hesabu za mafao, ufugaji wa kuku na mbinu za matapeli wanaonusa kiinua mgongo kabla hakijaingia benki. Mada yangu imewekwa baada ya chakula cha mchana, nadhani kwa matumaini kwamba nusu yenu mtasinzia. Sitaki msinzie. Ninachokuja kusema ni kwamba hofu ya kifo ukiikabili nzima nzima inakushinda, lakini ukiichambua utakuta sehemu yake kubwa inahusu mambo ya hapa duniani, na mengi kati ya hayo yana la kufanya.

Mtu akiniambia anaogopa kufa, humuuliza anaogopa nini hasa. Ni wachache wanaotaja kaburi. Wengi hutaja maumivu.

Basi tuanze na maumivu. Wengi wetu tumeuguza mzazi aliyelia usiku kucha, na tangu hapo tukaamini ndivyo kifo kilivyo. Si lazima kiwe hivyo. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akiwa na dawa rahisi kuliko mnavyodhani: unga wa mofini uliochanganywa na maji na kihifadhi kidogo, ukatiwa rangi ili dawa kali isichanganywe na hafifu. Mgonjwa huinywa kila baada ya saa nne, nyumbani kwake, kitandani kwake. Hufunga choo, kwa hiyo hupewa pamoja na dawa ya kulainisha. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Nairobi Hospice ilikuwa imeshaanza mwaka 1990, na hapa kwetu, hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huduma hiyo ya kutuliza maumivu, yaani tiba shufaa, ipo. Haijafika kila wilaya, na hilo ni la kupigiwa kelele. Lakini mara nyingi kikwazo huwa ni sisi ndugu: tukisikia mofini tunasema "basi, wamemkatia tamaa", tunakataa, na mgonjwa anaendelea kuumia kwa ajili ya hofu yetu sisi.

La pili ni vurugu tutakazoacha nyuma. Hapa nawasema wanaume wenzangu. Mtu ana nyumba mbili, shamba na watoto wa mama wawili, lakini ukimtajia wosia anakwambia huo ni uchuro. Wosia haujawahi kumuua mtu. Kwa wanaofuata sheria za kimila, Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linataka wosia wa maandishi wa anayejua kusoma ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Muislamu anajua kwamba mpaka wa wasia wake ni theluthi, na kwamba haumhusu mrithi ila wenzake wakiridhia. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea wosia na kuuhifadhi. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja.

Waliotutangulia hawakuwa waoga hivi. Mshairi Mwana Kupona, akiugua, alimtungia binti yake utendi wa mausia mnamo 1858, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Na ukienda pwani leo bado utawakuta akina bibi wenye sanda zao kashani. Nilimwona mmoja Pangani akianika ya kwake juani isiliwe na wadudu: bafta nyeupe, karafumaiti ndani ya karatasi, chupa ya marashi, na pesa za waosha maiti zimefungwa kwenye pindo la kanga kuukuu. Mjukuu alipomsihi aifiche, wageni wasione, alimjibu kwamba wageni nao watavaa. Kisha akaulizia kama chai imeiva.

Kuhusu kufa mpweke nitapita haraka, maana penye chama cha kufa na kuzikana hili lina jibu: turubai, viti na sufuria havikodiwi na mfiwa. Ila wastaafu wengi huhama mjini, wakafika kijijini wakiwa wageni. Jiunge mapema, uzike wenzako.

Uzee wenyewe je? Sina ugomvi na piko. Paka upendavyo, hata ndevu. Ninayemshangaa ni anayepaka piko huku akikwepa kupima presha, eti asije akaambiwa. Shinikizo la damu halisubiri uambiwe. Linaweza kukuangusha kwa kiharusi hujawahi kuumwa kichwa. Huyo anakimbia kifo kuelekea kilipo.

Hofu ya kuwa mzigo nayo ina upande wa mfukoni. Zanzibar ilipoanza Pensheni Jamii mwaka 2016, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea alipangiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hakuajiriwa. Ni hela kidogo. Lakini mzee anayeweza kumtuma mjukuu dukani akalete sukari ya nyumba nzima hakai kinyonge kama anayesubiri kukumbukwa.

Na sasa niseme ambalo semina kama hizi hulikwepa. Shinyanga na Mwanza wapo vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, mara nyingi kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yamewiva kwa moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe waliyopikia maisha yao yote. Mama kama huyo siwezi kumwambia aondoe hofu. Hofu yake ina haki, na dawa yake haiko kichwani mwake: iko kwa majirani, mwenyekiti wa kijiji, polisi, na kwa mtoto anayetamani shamba.

Kuhusu yanayofuata baada ya kuzikwa, sheikh na mchungaji watazungumza kesho asubuhi, nami nitakuja kuwasikiliza. Kwa leo, kila mmoja amekuta karatasi kitini pake. Andika ulicho nacho, kilipo, na nani anajua. Usiionyeshe kwa jirani. Nenda nayo nyumbani kwa mwenzi wako. Na akina baba, mashine ya presha iko pale mlangoni, muuguzi yupo mpaka saa kumi.