Semina za Maafa Zishuke Mtaani



Mei 1994 wataalamu wa dunia walikutana Yokohama, Japani, kujadili maafa. Wakaafikiana lile ambalo wahenga walishasema: tahadhari kabla ya hatari. Wakasema pia mwananchi wa chini ashirikishwe. Maneno matamu!

Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ikapinduka karibu na Mwanza. Tumbo la meli lilibaki likielea, na ndani watu walikuwa wakigonga bati. Likatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiibeba meli ikatoka, ikazama nao. Nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni ujuzi. Mamia ya Watanzania walikufa siku ile.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege yenye watu 43 ikaangukia Ziwa Victoria, jirani kabisa na uwanja wa Bukoba. Waliowahi kufika si wana-semina. Ni wavuvi na mitumbwi yao! Watu 24 walipona.

Sasa nakuuliza wewe wa kijiweni: ghorofa likiporomoka mtaani kwako, nani atawahi? Ni wewe. Je, nani amekufundisha kuzuia damu isimwagike? Semina nyingi ni za hotelini. Sura zilezile, posho inasainiwa, cheti kinafungiwa kabatini.

Hatuombi hisani, tunadai haki. Mafunzo ya uokoaji yaje mtaani, stendi na mwaloni. Kesho mwendee mwenyekiti wako wa mtaa, mwulize: lini?

Maafa hayangoji kongamano lijalo.